Mwalimu mwenye hijabu Quebec: kazi ipo, lakini soma hiki Kifungu cha 33 kwanza

Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Shikamooni wazee wangu mnaonifuatilia Tanga, Pemba na Mombasa, na nyie wa Muscat ambao kwenu saa hizi ni usiku. Leo hakuna mapishi wala matembezi ya sokoni. Leo nakaa kitako na swali ambalo dada zangu wananitumia kila wiki: "Dada, mimi ni mwalimu, Kifaransa ninacho, nasikia Quebec walimu hawatoshi. Je, ni kweli ukivaa hijabu hupati kazi?"

Walimu kweli hawatoshi. Na hijabu kweli inakuzuia, kwenye shule za umma za Quebec, hili jimbo la Kanada ninaloishi. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana jambo lenyewe lina mizizi mirefu kuliko kitambaa cha kichwani, na mizizi hiyo inafika mpaka kwetu nyumbani.

Tarehe 16 Juni 2019 Bunge la Quebec lilipitisha sheria ambayo hapa kila mtu anaiita Sheria ya 21. Inasema dola haina dini, kwa hiyo mtumishi wa umma mwenye mamlaka juu ya wananchi asivae alama ya dini akiwa kazini. Wanatajwa waendesha mashtaka, polisi, askari magereza, na pamoja nao walimu na wakuu wa shule za umma. Hijabu, kilemba cha Singasinga, kofia ya Kiyahudi, mkufu wenye msalaba, vyote vimo. Aliyekuwa kazini tayari mwishoni mwa Machi 2019 aliachiwa, mradi abaki kwenye nafasi ileile na kwa mwajiri yuleyule. Akipanda kuwa mkuu wa shule, anavua. Akihamia mwajiri mwingine, anavua. Fikirieni mwalimu mzuri, ana miaka ishirini ya kazi mbele yake, na njia pekee ya kubaki na mtandio wake ni kutosogea pale alipo.

Mimi Tanga nilifundisha darasa la pili. Ushungi kichwani, chaki mkononi, na darasa la jirani alikuwepo sista na shela lake. Hakuna mzazi aliyewahi kuja kuuliza kwa nini. Nilipofika hapa nikatafsirisha vyeti vyangu, nikafanya mitihani ya Kifaransa, nikaitwa kwenye usaili. Shule siitaji. Aliyenisaili ni mama mmoja mpole, alikuwa amesoma faili langu kweli, aliniuliza nawafundishaje kuhesabu watoto ambao hawana vitabu. Tukacheka, tukaelewana. Kisha akaweka kalamu mezani, akaanza kuipanga isimame sawasawa na ukingo wa karatasi, na bila kuniangalia akaniuliza kama ningekuwa tayari kufanya kazi kichwa wazi. Akaongeza haraka kwamba ni ndani ya jengo tu, nikifika getini navaa tena.

Sikumchukia. Lile swali halikuwa lake, aliwekewa mdomoni. Lakini mimi ushungi wangu si koti la baridi la kutundika mlangoni na kulichukua jioni. Nikamwambia hapana, ahsante. Akanisindikiza mpaka nje, akanishika mkono kwa muda mrefu, akaniambia wana madarasa mawili hayana mwalimu.

Sasa nifanye nini? Nahudumia wazee kwenye makao yao. Nawaogesha, nawalisha, nawapa dawa, na hijabu yangu kichwani, kwa sababu wahudumu wa afya sheria ile haikuwagusa. Mwezi uliopita mwanangu amechomwa chanjo na nesi mwenye hijabu. Yule nesi anaruhusiwa kumchoma mwanangu sindano, na mimi siruhusiwi kumfundisha mtoto wa nesi kujumlisha. Wote tunalipwa na serikali ileile. Tena shule za binafsi Sheria ya 21 haikuzikataza, kwa hiyo chini ya sheria ile mtoto wa mwenye pesa aliweza kufundishwa na mwenye hijabu wala isiwe tatizo.

Lakini sitaki mtu anisikilize aondoke akisema Wakebeki ni watu wabaya wanaochukia Uislamu. Nisikilizeni vizuri hapa. Kwenye kazi yangu kuna bibi mmoja namwogesha asubuhi, ana zaidi ya miaka themanini, kalelewa na masista tangu mdogo. Ananipenda. Ananiita binti yangu. Siku moja nikimfunga vifungo vya sweta akaniambia, mimi hicho kichwani kwako kinanitisha. Nikamuuliza kwa nini. Akanisimulia padri alivyokuwa anakuja nyumbani kwao kumuuliza mama yake kwa nini mwaka ule hakuna mtoto mchanga, na mama yake alikuwa tayari na watoto tisa.

Huyu bibi hasimulii ndoto. Quebec mpaka miaka ya 1960 Kanisa Katoliki ndilo lililokuwa na shule na hospitali. Jimbo lilikuja kuwa na wizara ya elimu ya kisasa mwaka 1964. Wanawake wa Quebec walipata kura ya uchaguzi wa jimbo mwaka 1940, wa mwisho Kanada nzima miongoni mwa majimbo ya wakati ule, na Kanisa lilipinga. Watu wa rika la bibi waliondoka chini ya mkono ule kwa nguvu, na wakiona alama ya dini kwa mtu anayelipwa na serikali, wanaona ule mkono unarudi. Maumivu yao ni ya kweli na mimi nayaheshimu.

Ninachokataa ni kuyalipishia kwangu. Si mimi niliyemhoji mama yake. Msalaba uliwekwa juu ya kiti cha Spika wa Bunge la Quebec mwaka 1936. Mwaka 2008 tume iliyoundwa na serikali yenyewe, ya Gérard Bouchard na Charles Taylor, ilishauri uondolewe hapo, na siku ileile wabunge wakapiga kura ubaki. Ulikuja kushushwa Julai 2019, baada ya Sheria ya 21 kupita. Na tume hiyohiyo ilipendekeza katazo la alama za dini kwa majaji, waendesha mashtaka, polisi na askari magereza. Walimu haikuwaweka kwenye katazo hilo. Walimu waliongezwa na wanasiasa.

Haya, tufike kwenye kiini. Mtu wa nyumbani ataniuliza: si Kanada ina katiba inayolinda uhuru wa dini? Inayo. Hati ya Haki na Uhuru ya mwaka 1982, kifungu cha 2, dini na dhamiri vimo. Kwa nini basi walimu hawakwenda mahakamani?

Walikwenda! Ndipo mlipo na Kifungu cha 33.

Hati ile ilipokuwa inaandikwa, mawaziri wakuu wa majimbo, hasa ya magharibi, waliogopa kwamba majaji watakuwa na nguvu kuliko mabunge. Wakakubaliana kuweka kifungu kimoja: bunge linaweza kutamka kwamba sheria fulani itafanya kazi bila kujali baadhi ya haki zilizomo kwenye Hati. Uhuru wa dini umo kwenye zinazoweza kuwekwa pembeni. Uhuru wa kusema umo. Usawa mbele ya sheria umo. Tamko linadumu miaka 5, kisha bunge linaweza kulirudia, na kulirudia tena. Quebec walilitia ndani ya Sheria ya 21 tangu siku ya kwanza, na mwaka 2024 wakalirudia.

Tarehe 20 Aprili 2021 Jaji Marc-André Blanchard wa Mahakama Kuu ya Quebec alitoa hukumu. Niliisoma kwa shida, Kifaransa cha mahakama si cha mtaani, lakini niliisoma. Jaji alikubali kwamba sheria inawaumiza walimu Waislamu wanawake kuliko watu wengine. Aliona athari zake na akaziandika. Halafu akasema kifungu kimetumika kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo kwa sehemu kubwa hawezi kuigusa. Kwa upande wa walimu, aliwapa nafuu wa bodi za shule zinazofundisha kwa Kiingereza peke yake. Tarehe 29 Februari 2024 Mahakama ya Rufani ikaiondoa hata hiyo nafuu.

Jaji anakuambia nimeona umeumia, na sina la kukufanyia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata kazi niliyokosa. Sheria mbaya zinatungwa kila nchi. Mimi mwenyewe naweza kushindwa kesi, nikasema haya, nimesikilizwa, hoja yangu imepimwa ikaonekana nyepesi. Lakini hapa hoja haikuwekwa kwenye mizani. Mlango ulifungwa kabla hujabisha, na aliyeufunga ni huyohuyo unayemlalamikia.

Tena mchezo huu hauishii kwenye dini. Jimbo la Ontario walikitumia kifungu hicho mwaka 2022 dhidi ya mgomo wa wafanyakazi wa shule, watu wakaja juu, wakakirudisha nyuma. Oktoba 2025 jimbo la Alberta wakakitumia kuwarudisha kazini walimu kama 51,000 waliogoma. Wengi wa hao walimu hawana habari na hijabu, na mwaka 2019 pengine waliona Sheria ya 21 ni shida ya Waislamu wa Montréal. Januari 2026 Mahakama ya Juu ya Kanada kule Ottawa ilikaa siku nne kusikiliza kesi ya Sheria ya 21, na kilichobishaniwa zaidi mle ndani ni mipaka ya hicho kifungu.

Nyumbani tuna yetu. Kenya, shule moja ya Isiolo iliwakatalia wasichana hijabu. Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ikawapa haki wasichana, Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua kwa sababu za utaratibu wa kesi. Mwaka huohuo, mwezi wa tisa, Mahakama Kuu Nairobi ikasema binti wa Kirasta aliyefukuzwa shule Kibera kwa sababu ya rasta zake arudishwe darasani. Mmoja amekosa, mwingine amepata, lakini wote walikuwa na jaji mwenye uwezo wa kumwambia mkuu wa shule hapana.

Na Tanzania? Katiba yetu ibara ya 19 inalinda uhuru wa dini. Juni 2025 Msajili wa Jumuiya alifuta usajili wa kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Gwajima, baada ya askofu kukemea hadharani utekaji wa watu. Polisi wakazingira, waumini wakakuta Ubungo pamefungwa. Novemba Waziri Mkuu akatangaza kanisa lifunguliwe. Wengi walishangilia, na mimi nilifurahi kwa ajili ya wale waumini. Lakini angalieni: limefungwa kwa barua ya ofisi, limefunguliwa kwa kauli ya kiongozi. Kesho kiongozi akibadilisha mawazo, Mkristo yule ataegemea wapi? Na msikiti je, imamu akisema neno lisilopendeza?

Najua kuna atakayeniandikia Shakahola. Ana haki ya kuniandikia. Kule Kilifi mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu waliofungishwa mpaka kufa, watoto wakiwemo, na serikali ilichelewa mno. Pale dola ilipaswa kuingia mapema kwa nguvu zote, kwa sababu kuna watu walikuwa wanakufa. Mnaonitaka nikubali kwamba serikali inaweza kuzuia jambo la dini, nakubali kabisa. Naomba tu ionyeshe nani anaumia, na imwonyeshe mtu asiye mwajiriwa wake. Quebec imeshindwa kunionyesha mtoto mmoja aliyeumizwa na mtandio wa mwalimu wake. Desemba 2021, kijiji cha Chelsea, mwalimu wa darasa la tatu aliondolewa mbele ya wanafunzi wake kwa ajili ya hijabu, akapewa mradi wa kusoma na kuandika nje ya darasa. Wazazi na watoto walikwenda kufunga tepe za kijani kwenye uzio wa shule. Hao ndio waliodaiwa kulindwa.

Sasa majibu kwa dada zangu, hasa mliokwishaanza kulipa mawakala. Ukitaka kufundisha shule ya umma Quebec, hijabu hairuhusiwi, na wakala anayekuambia "utazungumza nao ukifika" anataka hela yako. Oktoba 2025 jimbo lilipitisha sheria nyingine iliyopanua katazo kwa wafanyakazi wengine wa shule, kwa hiyo hata kazi ya kusimamia watoto wakati wa chakula usiitegemee. Muuguzi, mhasibu, mtu wa kompyuta, hilo katazo la 2019 halikuhusu. Na Kanada si Quebec peke yake. Ottawa iko Ontario, ng'ambo ya mto tu kutoka mji wa Gatineau ulioko Quebec. Upande huu wa daraja mwalimu anavua, upande ule anaingia darasani na mtandio wake. Mkataba ukiletewa, tazama jina la jimbo kabla ya kutazama mshahara.

Mnaoniuliza kama nitavua: sitavua. Na mnaoniuliza kama nitahama, nimeshatuma maombi Ottawa ya kutambuliwa vyeti vyangu vya ualimu, barua yao nikiipata nitawasomea hapahapa.