Moyo wa Kamba ya Lifti

MHINA: Tunarekodi? Haya. Asalaam aleikum, hamjambo, karibuni tena. Leo ni nyuzi za asili na teknolojia yake, na tuliahidi kwamba mwishoni tutatoa mambo matatu kwa anayetaka kuingia kwenye kazi hii. Nimeyaandika hapa. Lakini kwanza, dada Mwanaidi, shika hiki.

MWANAIDI: Nini tena? Kizito! Na kimeniachia grisi mkononi.

MHINA: Kamba ya lifti. Kazini kwetu lifti ilizimwa Jumatatu, siku tatu nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tisa. Jumatano nawakuta mafundi chini wameshusha kamba kuukuu, wanaikata vipande kwa grainda. Nikaomba hicho. Nje chuma kitupu: misokoto minane, kila mmoja una nyaya 19, nilizihesabu nimekaa kwenye ngazi. Fundi akaipinda kwa koleo, misokoto ikaachana. Hebu tazama katikati.

MWANAIDI: Kuna kamba nyingine ndani. Ya nyuzi.

MHINA: Mkonge! Juu mweusi kwa mafuta, ukiuchana ndani bado una rangi ya majani makavu. Nikaunusa. Utoto wangu wote koti la baba lilikuwa linatundikwa nyuma ya mlango, limetoka korona, kile kiwanda cha kupara mkonge. Harufu ni ile ile. Nilisimama pale watu wananipita, machozi yananilenga.

MWANAIDI: Pole, kaka.

MHINA: Baba alikuwa analisha majani kwenye mashine. Visu vinapara, maji yanatiririka, utomvu wa kijani unamwasha mikono mpaka usiku. Kilo mia za majani zinakupa singa, yaani nyuzi, kilo nne hivi, zinazobaki ni takataka. Muheza nzima hakuna aliyewahi kumwambia kwamba singa zake zinaweza kuishia ndani ya kamba inayopandisha watu ghorofani.

MWANAIDI: Lakini mle zinafanya nini? Kwani chuma hakitoshi?

MHINA: Zinatunza mafuta. Mkonge unalowekwa mafuta kiwandani. Kamba ikibeba mzigo, nyaya zinaubana ule moyo, mafuta yanatoka kidogo kidogo na kulainisha kwa ndani, mahali ambapo brashi ya fundi haifiki. Halafu unazishikilia nyaya zikae mahali pake, kamba isibonyee. Moyo ukikauka, nyaya zinasagana na unga mwekundu wa kutu unaanza kutoka. Fundi anasema waliuona huo unga, ndiyo maana wakabadili.

MWANAIDI: Na una hakika huu ni mkonge? Sio usumba, nyuzi za kumbi la nazi?

MHINA: Haya, ndiyo hayo sasa.

MWANAIDI: Nauliza tu. Maana shangazi yangu mnamjua nyote, ukimtajia kamba yoyote duniani swali lake la kwanza ndilo hilo.

MHINA: Shangazi wa Makunduchi, Unguja. Wasikilizaji wameshamzoea.

MWANAIDI: Basi wamsikie tena. Mie nilikuwa kwake mwezi uliopita, siku ya kufukua makumbi. Yanazikwa pwani, kwenye tope ambalo maji yanajaa na kutoka, juu unapanga mawe yasije yakachukuliwa. Yanakaa miezi. Ukifukua, maji yake meusi, na hiyo harufu huisahau. Unaliweka kumbi juu ya jiwe, unalipiga kwa gongo, unga unadondoka, singa zinabaki. Kisha unasokota kwa viganja, hivi, unaongeza singa mbili tatu kila kiungo kabla ncha haijaisha. Nilisokota asubuhi nzima nikapata kama urefu wa meza hii. Shangazi kwa muda huo alishamaliza kamba ya kufungia ng'ombe.

MHINA: Kamba ya ng'ombe. Lifti je?

MWANAIDI: Ngoja, usinikimbize. Usumba una ligini nyingi, kile kinachoufanya mti uwe mgumu. Inapita sehemu 40 kwa mia. Mkonge wako kama 10 tu. Ndiyo maana maji ya chumvi hayauwezi usumba. Mtepe ulishonwa kwa nini? Mbao kwa mbao, bila msumari, jahazi linakwenda baharini na mzigo wake. Usumba!

MHINA: Sikatai.

MWANAIDI: Na sisi ndio wenyeji. Mkonge ni mgeni, umeletwa.

MHINA: Umeletwa, na tarehe tunayo. Mwaka 1893, Dakta Richard Hindorf, Mjerumani. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Kutoka hiyo 62, mwaka 1964 Tanganyika inatoa tani kama 230,000 kwa mwaka. Mgeni gani huyo anayejenga mji mzima wa Tanga? Na mnazi wako nao ulikuja na bahari.

MWANAIDI: Ulikuja na bahari tu, haukuja na manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge.

MHINA: Hapo umenigusa. Babu yangu alikuwa manamba.

MWANAIDI: Najua, ndiyo maana nikasema. Watu walihesabiwa kama matita. Hilo tusilipite tukiusifu mkonge.

MHINA: Hatulipiti.

MWANAIDI: Lakini usumba sijaumaliza. Mwaka 1989 mwani ulipoanza kulimwa kibiashara kule Paje na Jambiani, wanawake wengi waliacha makumbi. Mwani ulilipa. Ila ulikuja na kamba za nailoni na taitai, zile nyuzi za plastiki za kufungia mwani. Leo ukipita mchangani maji yakishatoka, unaokota vipande vya taitai kila hatua. Bahari ile ile tuliyokuwa tunazika makumbi! Wenzetu India wanasuka usumba nyavu, wanazitandaza kwenye miteremko udongo usiporomoke. Wavu unashika mpaka nyasi zitie mizizi, halafu unaoza wenyewe. Mwaka 2020 waliuruhusu hata kwenye barabara za vijijini. Sisi makumbi tunachomea moto.

MHINA: Hapa uko sahihi kabisa. Sasa twende kwenye ile hoja yangu ya kwanza kati ya tatu, kompositi. Unachukua singa badala ya nyuzi za kioo, unazichanganya na plastiki, unapata ubao mwepesi. Nyuzi za kioo, sentimita moja ya ujazo ni gramu 2.5. Mkonge ni 1.45. Mercedes-Benz walishaweka nyuzi za abaka kutoka Ufilipino, mmea ndugu wa mgomba, kwenye kifuniko cha chini cha gari lao la A-Class. Milango ya magari mengi Ulaya, kwa ndani, ina kitani au mkonge. Gari jepesi linakula mafuta kidogo.

MWANAIDI: Mimi hilo silikubali.

MHINA: Lipi?

MWANAIDI: Kuliita la asili. Mkonge ukishaingia kwenye plastiki hautoki. Hauozi, na plastiki yenyewe huwezi tena kuiyeyusha ikawa safi. Umeharibu viwili kwa pamoja.

MHINA: Linganisha na kilichopo, Mwanaidi. Kilichopo ni kioo. Anayekata faiba, plastiki yenye nyuzi za kioo, anawashwa ngozi, na vumbi linamwingia kifuani. Kioo kinataka tanuri la moto mkali. Mkonge unataka jua na mvua.

MWANAIDI: Ufukweni kwetu kuna boti za faiba zimekufa, zimelala pale miaka. Huwezi kuzichoma wala kuzizika. Utaniambia zikiwa za mkonge zingeoza?

MHINA: Zingekuwa na plastiki pungufu.

MWANAIDI: Ila zingekuwa pale pale zimelala.

MHINA: Zingekuwa zimelala, lakini...

MWANAIDI: Na ili singa ishikane na hiyo plastiki mnaifanyaje? Si ulinieleza mwenyewe?

MHINA: Inaloweshwa kostiki soda. Singa kwa asili inanyonya maji, inavimba, inaachana na plastiki. Kostiki inaondoa nta juu yake, inakwaruza uso wake, ndipo inashika.

MWANAIDI: Mnauosha kwa kostiki, mnauzika ndani ya plastiki, kisha mnauita mmea. Shangazi anazika kwenye tope, na anachokizika anakifukua.

MHINA: Na shangazi anauza kamba ya ng'ombe. Mimi nataka mkulima wa Muheza auze kwa mwenye kiwanda cha magari, bei yake isipangwe na kamba za kufungia majani makavu Ulaya. Kamba za plastiki zilipokuja ziliua bei, mashamba yakawa pori, nimeyaona. Ukiniambia tusubiri mpaka ipatikane plastiki inayooza, unamwambia nani asubiri?

MWANAIDI: Simwambii mtu asubiri. Nasema moyo wa lifti huu hapa, safi, hauna plastiki hata tone. Hii ndiyo teknolojia. Anza hapa.

MHINA: Lifti ni ngapi nchini? Na mpya nyingine zinakuja na mikanda ya chuma iliyofunikwa plastiki, hazina mkonge kabisa.

MWANAIDI: Basi tupiganie hilo.

MHINA: Mimi napigania mlango wa gari.

MWANAIDI: Hutanihamisha.

MHINA: Wala wewe hutanihamisha.

MWANAIDI: Haya. Mbona dirishani wanatuonyesha vidole viwili?

MHINA: Dakika mbili. Wenye studio wanaofuata wamefika. Na zile hoja mbili nyingine? Nilikuwa na vigae vya saruji na mkonge, jinsi alikali ya saruji inavyozila singa, na majivu ya pumba za mpunga yanavyosaidia...

MWANAIDI: Hatufiki. Kikunje hicho kikaratasi.

MHINA: Na takataka za korona, ule mtambo wa biogesi wa Hale.

MWANAIDI: Kaka, wanagonga.

MHINA: Basi ndugu zetu, samahanini, tuonane wiki ijayo. Nirudishie kamba yangu.

MWANAIDI: Niachie nusu. Nikate hapa kwenye mkonge tu, chuma ubaki nacho. Ijumaa navuka, nataka shangazi auguse kwa vidole vyake.

MHINA: Atasema ni usumba.

MWANAIDI: Ataunusa kwanza. Una kisu?