Kisome Kijia Kabla ya Kukivunja: Mhadhara Kuhusu Mchwa Nyumbani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Kabla sijaanza, naomba kipande hiki cha ubao kipite mkono kwa mkono kuanzia mstari wa mbele. Kimetoka kwenye fremu ya mlango. Kitazameni kwanza upande wenye rangi: hakuna ufa wala mchubuko. Sasa kipimeni uzito. Ni chepesi kama boksi tupu. Kigeuzeni nyuma, mtaona zimebaki nyuzi nyembamba za mti zilizosimama kwa urefu, na katikati yake pamejazwa udongo. Waliokila waliacha ngozi ya juu, kwa sababu mchwa ana mwili laini unaokauka upesi akipigwa na hewa. Rangi yangu ilikuwa paa lao.

Nimesema rangi yangu kwa sababu nyumba ilikuwa yangu. Dalili ya kwanza niliyoiona ilikuwa mstari wa udongo wenye unene wa penseli, umepanda ukutani nyuma ya mlango wa stoo. Nikaufagia. Baada ya siku chache ukarudi palepale. Nikachukua dawa ya kopo, ile ya kuulia mende, nikapuliza mpaka ukuta ukalowa. Mchwa wakatoweka, nami nikaridhika. Miezi minane baadaye mtoto alivuta mlango, bawaba ikang'oka na skrubu zake zote. Zilikuwa zimeshika hewa. Wengi wa wale mchwa hawakufa, walihama tu njia ya wazi wakapita ndani ya fremu, mahali nisipoona. Tangu siku hiyo nimeshughulika na wadudu hawa kwa miaka mingi, na jambo ninalotaka mwondoke nalo leo ni hili: kile kijia cha udongo ni taarifa. Mtu akikifuta kabla ya kukisoma, amepoteza ushahidi pekee aliopewa bure.

Tuwafahamu kwanza. Watu humwita mchwa sisimizi mweupe, lakini hawana undugu wa karibu. Mchwa yuko katika ukoo mmoja na mende. Duniani kuna takribani aina 3,000, na zinazoharibu majengo ni chache sana. Walio wengi wanafanya kazi njema ya kurudisha miti iliyokufa kuwa udongo, na sipendi kuwasema vibaya. Shida inaanza tunapojenga kwa mti uliokufa. Mchwa hatofautishi gogo la msituni na boriti ya dari yako, yeye anafuata selulosi, yaani ile nyuzinyuzi inayojenga mti, ambayo imo pia kwenye karatasi, vitabu, maboksi na nguo za pamba. Matumboni mwao wanaishi vijidudu wanaosaidia kuivunja. Zege hawali, ila ufa usiofika hata milimita 1 unawatosha kupita.

Nyumbani tunasumbuliwa na makundi mawili, na ni lazima ujue unapambana na lipi, maana tiba ya moja haimfikii mwenzake. Wa kwanza ni mchwa wa ardhini. Kiota chao kiko kwenye udongo, wanahitaji unyevu, na ndio wanaojenga vijia. Wa pili ni mchwa wa mbao kavu. Hao hawana haja na ardhi. Wanaingia ndani ya kabati, kiti au kenchi, wanaishi humohumo kwa miaka, na maji wanayohitaji wanayapata kwenye mbao zenyewe. Hawajengi kijia. Wanatoboa tundu dogo na kusukuma kinyesi nje, na asubuhi unakuta kichuguu kidogo cha chembe chini ya kabati.

Hapa wengi wanachanganya na bungua. Ukikuta unga laini kama wa kusaga, huyo ni bungua, mdudu mwingine kabisa. Ukikuta chembe ngumu, zinazoteleza vidoleni kama mchanga, huyo ni mchwa wa mbao kavu. Chukua kioo cha kukuzia uzitazame: kila chembe ni ndefu kidogo na ina pande 6, kama penseli iliyokatwa vipande. Nikionyeshwa chembe hizo sihitaji ushahidi mwingine.

Halafu kuna kumbikumbi. Mvua zikianza, wanatoka kwa wingi, wanaruka kidogo, wanadondosha mbawa, kisha dume na jike wanatafuta pa kuanzia maisha. Ukimshika mmoja, mtazame kiuno. Sisimizi mwenye mbawa amebanwa kiunoni, papasi zake, yaani zile pembe nyembamba za kichwani za kupapasia, zimepinda kama kiwiko, na mbawa za mbele ni ndefu kuliko za nyuma. Kumbikumbi mwili wake umenyooka, papasi ni kama shanga zilizotungwa, na mbawa zote nne zina urefu mmoja. Kumbikumbi wanaozunguka taa ya nje wasikutie hofu, huenda wametoka mbali. Bali ukikuta mbawa zimerundikana ndani, kwenye kizingiti cha dirisha lililofungwa, basi wametokea ndani au chini ya nyumba. Na kwa kawaida koloni, yaani jamii nzima ya kiota kimoja, huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa kumbikumbi. Mgeni uliyemwona leo ni mwenyeji wa siku nyingi.

Sasa turudi kwenye kijia, maana ndiko nilikokosea.

Ukikiona, piga picha. Kisha kifuate chini: kinatoka wapi? Kwenye ufa wa sakafu, pembeni mwa bomba, nyuma ya rundo la matofali? Kifuate juu: kinaishia kwenye ubao gani? Gusa udongo wake. Ukiwa mbichi, kinatumika. Ukiwa mkavu na unavunjika kama biskuti, pengine kimeachwa. Kisha vunja kipande cha katikati tu, urefu wa vidole viwili, ukiacha ncha zote. Kikiwa hai utaona mchwa weupe wakitawanyika, na baada ya muda mfupi askari, yaani mchwa walinzi, wenye vichwa vya rangi ya kahawia wanakuja kusimama mlangoni. Weka alama ya chaki na tarehe. Rudi baada ya siku mbili au tatu. Wakiwa wameziba, una uhakika. Wasipoziba, usishangilie, wanaweza kuwa na njia nyingine, kwa hiyo endelea kukagua.

Chukua bisibisi. Gonga fremu, viunzi vya madirisha na mbao za dari kwa mpini wake. Mbao nzima inajibu kwa mlio mzito, iliyoliwa inalia kama debe. Pale panapolia vibaya, bonyeza kwa ncha. Pia sikiliza nyumba ikiwa kimya usiku: askari wa aina nyingi wakishtuka wanagonga vichwa kwenye mbao kutoa onyo, na mtu akitega sikio karibu anasikia mlio mdogo mkavu, tik-tik-tik. Rangi iliyovimba kama imelowa, wakati hakuna bomba linalovuja, nayo ichunguzwe.

Kuzuia. Hapa nitasema kwa uchungu, kwa sababu nyumba nyingi nilizokagua zilialika mchwa siku ya kujengwa. Mafundi wanamwaga zege la msingi, wanaondoka na kuacha vigingi na vipande vya mbao za kumiminia vimefukiwa chini ya sakafu. Visiki na mizizi havijang'olewa. Umemtengea mchwa chakula kwenye giza na unyevu, umemjengea nyumba juu yake. Akimaliza vipande vile, anapanda. Kama unajenga, simama mwenyewe siku ya kufukia msingi uone kila kipande kimetolewa. Na hiyo ndiyo siku rahisi kuliko zote ya kutia dawa kwenye udongo au kuweka kizuizi cha wavu wa chuma kisichopata kutu, wenye matundu madogo asiyoweza kupenya. Ukisubiri sakafu ikauke, itabidi uitoboe.

Kama nyumba imekwisha kusimama, tafuta maji. Mlizamu unaomwaga kwenye ukuta, bomba la bafu linalovuja taratibu, bustani ya maua iliyobanwa na ukuta na kumwagiliwa kila jioni. Yatengeneze hayo. Hakikisha hakuna mbao inayogusa udongo, na acha walau sentimita 15 za msingi zionekane wazi kuzunguka nyumba ili kijia kikianza kupanda ukione. Kuni na mabaki ya mbao yasiegemezwe ukutani. Maboksi ya stoo yainuliwe kutoka sakafuni. Kuhusu miti inayosifiwa kuwa hailiwi, kama msaji, sifa hiyo ni ya kiini. Sehemu nyeupe ya nje inaliwa kama mti mwingine wowote, kwa hiyo tazama umeuziwa nini.

Tiba sasa. Mchwa wa ardhini wanatibiwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni dawa ya maji inayoingizwa kwenye udongo kuzunguka msingi, kwenye mtaro mwembamba na matundu yaliyotobolewa sakafuni kandokando ya kuta. Zipo dawa zinazowafukuza, kama bifenthrin, na zipo wasizozihisi, kama fipronil. Ile inayofukuza ikiachwa pengo moja, wanalitafuta mpaka walipate. Ile wasiyoihisi wanapita ndani yake bila wasiwasi, na kwa kuwa haiui papo hapo, wanairudisha nyumbani. Mchwa wanasafishana kwa midomo na kulishana mdomo kwa mdomo, hivyo mmoja aliyepita anawagusa wenzake. Ndiyo sababu kopo langu la dawa ya mende lilishindwa: liliwaua wachache haraka na kuwaonya wengi.

Njia ya pili ni chambo. Vikopo vyenye selulosi vinazikwa kuzunguka nyumba, kila mita 3 hivi, na ndani yake imo dawa kama hexaflumuron. Dawa hii inamzuia mchwa kutengeneza ganda jipya anapojivua la zamani. Vibarua, yaani mchwa wafanyakazi, wanakufa wakati wa kujivua, na wakipungua hakuna wa kumlisha askari wala malkia. Utafiti wake ulifanyika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, na chambo kikaanza kuuzwa mwaka 1995. Kinachukua miezi, lakini kinalifikia koloni lenyewe kwa kutumia dawa kidogo mno. Mwenye kisima karibu na msingi au bwawa la samaki, mimi humshauri aanze na chambo, maana fipronil na bifenthrin ni sumu kali kwa samaki.

Wa mbao kavu hawafikiwi na dawa ya udongo hata umwage pipa zima. Kama ni fanicha moja, dawa inadungwa kwenye mashimo yao, au ubao unapashwa joto mpaka kiini kifike nyuzi 50 za selsiasi na kubaki hapo zaidi ya nusu saa. Kama wameenea kwenye paa zima, nyumba inafunikwa na kufukizwa gesi na wenye leseni, kila kiumbe kikiwa nje. Gesi ikishatoka haiachi kinga yoyote, hivyo mbao zisizopakwa rangi zipakwe dawa ya borati baadaye.

Na mkiwa na mkebe wa zamani stoo ulioandikwa chlordane, aldrin, dieldrin au heptachlor, msiufungue. Dawa hizo zilitumika miaka mingi kwa mchwa. Zinakaa kwenye udongo kwa miongo, zinaingia kwenye mafuta ya mwili. Chlordane ilisimamishwa Marekani mwaka 1988, na zote nne zimo kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa kimataifa wa kuzuia sumu zinazodumu. Wapelekeeni wanaoshughulikia taka za sumu.

Naona mikono. Mzee pale kwenye nguzo anauliza kuhusu mafuta machafu ya gari. Mzee wangu, shikamoo. Najua yanatumika sana. Yanawafukuza mahali yalipomwagwa, wanazunguka. Na yana metali nzito zinazoshuka kwenye udongo na maji. Chumvi na majivu havina madhara hayo, ila mvua moja inaviosha.

Dada anauliza kama akimchimba malkia kazi imekwisha. Kwenye kichuguu cha shambani mara nyingine inasaidia. Lakini aina nyingi zinazoingia majumbani zinaweza kukuza warithi, tena kiota kinaweza kuwa mita nyingi kutoka ulipoona kijia. Utachimba ua mzima bure.

La mwisho, kijana wa nyuma: ameona kijia leo asubuhi, akirudi nyumbani aanze na nini? Usikipulizie chochote. Kipige picha, weka chaki kwenye ncha zote mbili, kisha zunguka upande wa pili wa ukuta huo utazame kuna bomba gani. Ukimwita fundi, mwambie akuonyeshe walikotokea kabla hajafungua pampu. Akishindwa kukuonyesha, mtafute mwingine. Fremu usiibadilishe bado, ubao mpya ukiwekwa kabla ya tiba ni sahani mpya.

Kile kipande changu kimefika wapi? Naomba kirudishwe mbele taratibu, kinamomonyoka.