Usiniulize Antivirusi Gani, Niambie Nani Aliyekuwekea Windows

Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wazazi, wanafunzi na wenye birotiki, vibanda vya kuchapisha na fotokopi

Jambo yenu, wababa na wamama, na ninyi vijana wa chuo kikuu pale Kasapa mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema. Tangazo linasema leo nitataja antivirusi iliyo bora. Nitaitaja sasa hivi, mwenye haraka aondoke nayo. Kama kompyuta yako ina Windows 10 au 11, antivirusi unayo tayari: inaitwa Microsoft Defender, imo ndani ya Windows, na haidai hata faranga moja. Simu ya Android nayo ina Play Protect, Google waliiweka tangu 2017. Nimemaliza.

Hakuna aliyesimama. Najua kwa nini. Mtu ametoka Katuba, amelipa taksi, anataka jina la kwenda kuulizia sokoni, na mimi namwambia arudi nyumbani na kile alichokuwa nacho. "Mwalimu, ya bure itakuwa na nguvu kweli?" Swali hili nimeulizwa mtaani Kenya, nimeulizwa mtaani Kamalondo, nimeulizwa hata msibani.

Wanaoidharau Defender wanakumbuka mambo ya zamani, na wakati ule hawakukosea. Microsoft walitoa antivirusi yao ya bure mwaka 2009, na kwa miaka fulani ikawa inashika mkia kila ilipopimwa. Lakini kuna maabara ambazo kazi yao ni hiyo hiyo ya kuzipima antivirusi kwa virusi vya kweli: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Matokeo yao yako wazi kwenye intaneti, husomi kwa kulipa. Kwa miaka kadhaa sasa AV-TEST wanaipa Defender alama za juu, bega kwa bega na zile za kulipia. Fundi anayekuambia "ile ya Windows ni bure kabisa, haina kitu" muulize alisoma matokeo ya mwaka gani.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta, ambalo baadhi yenu mmelisikia hadi mmechoka. Kabla ya kuniuliza antivirusi gani, niambie: nani aliyekuwekea Windows, na siku ile alizima nini?

Chukueni kijana mmoja, jina lake siwapi. Yuko mwaka wa mwisho, anaandika TFC, kazi ya kumalizia masomo. Mama yake amejinyima, amemnunulia mashini ya okazo, iliyokwisha kutumika. Aliyeiuza ameweka Windows ya kraki, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni. Sasa, kraki zote zina maagizo, na agizo la kwanza ni lile lile popote utakapoipata: zima antivirusi, la sivyo haitafanya kazi. Muuzaji akazima. Na kwa kuwa Defender ina tabia ya kujiwasha tena, akaenda kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa, akaandika humo diski C yote. Yote! Maana yake Defender inawaka, alama yake ya kijani inaonekana, lakini imekatazwa kutazama mahali pale pale virusi vinapokaa. Kisha, ili mteja afurahi, akaongeza antivirusi nyingine yenye jina kubwa, na ufunguo aliouokota kwenye intaneti. Ufunguo ukafa baada ya muda mfupi. Kijana ana ngao mbili pale chini karibu na saa, anajiona amelindwa kuliko sisi wote.

Akaenda kuchapisha sura ya tatu. Birotiki za pale karibu na chuo mnazijua: foleni, umeme unakatika, SNEL, wale wa umeme, wanarudisha, fulashi za mji mzima zinapita kwenye mashini moja. Alipoirudisha fulashi nyumbani, kila folda imegeuka rakursi, ile ikoni ya njia ya mkato. Anabonyeza, folda inafunguka kama kawaida, kwa hiyo hashtuki. Hapo ndipo ujanja ulipo. Kile kirusi hakifuti kazi yako. Kinazipa folda zako alama ya kufichwa, kinaweka mahali pake rakursi zenye jina lile lile na picha ile ile. Ukibonyeza, inafanya mambo mawili: kwanza inaamsha kirusi, pili inakufungulia folda yako ya kweli ili usishuku. Kirusi kinajinakili kwenye kompyuta, kinajiandikisha kiamke kila Windows inapowaka, kinangoja fulashi ya mtu mwingine.

Wiki iliyofuata yule wa birotiki akamwambia, kwa sura ya mtu anayejua: "Virusi vimekula kazi yako, kijana. Tufomati." Wakafomati, wakafuta fulashi yote! Kazi ilikuwa mle mle ndani, nzima, imefichwa tu. Unafungua dirisha la amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d, kisha herufi ya fulashi yako na nyota, mfano E:\*.*, na folda zote zinarudi. Kisha unafuta zile rakursi na kuisafisha kompyuta yenyewe, maana usipoisafisha kitarudi jioni ile ile. Ninyi wenye birotiki mliopo hapa, nawaomba kwa heshima: liandikeni hilo ukutani, juu ya bei ya fotokopi. Na msifomati fulashi ya mtoto wa mtu kabla ya kutazama vilivyofichwa.

Bado ana nakala nyumbani, mtasema. Alikuwa nayo. Lakini Office yake, programu ya kuandikia, nayo ya kraki, ikaanza kudai. Akatafuta kraki nyingine usiku, akaipata, ikamwambia zima antivirusi. Hakukuwa na cha kuzima. Asubuhi kila faili, TFC, picha za ubatizo wa mdogo wake, nyimbo, imeongezewa mwisho wa ajabu kwenye jina lake na haifunguki. Kuna barua moja tu inayosomeka, _readme.txt, inadai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Hiki ni kirusi cha ukoo wa STOP, wengine wanauita Djvu. Hakisumbui mabenki. Kinawatafuta watu wa nyumbani, na njia yake kubwa ya kuingilia ni kraki. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure inayofungua faili zilizofungwa na matoleo 148 ya kirusi hicho, basi watu wakashangilia. Lakini matoleo yaliyofuata yanachukua ufunguo kutoka kwa wezi wenyewe, ufunguo wa peke yake kwa kila mashini, na hapo hakuna fundi, hata awe wa Marekani, atakayekufungulia. Anayekuahidi kukufungulia kwa dola 50 ni mwizi wa pili.

Kilichomwokoa? Sura mbili za kwanza alikuwa amezituma kwa barua pepe kwa profesa anayemwongoza, na profesa hakuwa amezifuta. Ya tatu aliiandika upya kutoka kwenye karatasi zile zile alizochapisha, zenye madoa ya chai.

Sasa niambieni, hapo angenunua antivirusi gani? Una sentineli, mlinzi, mlangoni. Unamwambia nenda kalale, unafungua lango kwa mkono wako, unamkaribisha mtu usiyemjua mpaka chumbani. Ukiibiwa, unakuja kuniuliza ni wapi wanapatikana masentineli wenye nguvu zaidi!

Namwona papa mmoja, mzee wetu, pale anatikisa kichwa. Najua utakachosema, papa: leseni ya Windows ni zaidi ya dola mia, na hiyo ni pesa ya shule ya mtoto. Ni kweli. Nami sikutumwa na Microsoft. Lakini wengi wenu mnaibiwa leseni mliyokwisha kuinunua. Mashini nyingi za okazo zinazotua hapa, Dell, HP, Lenovo, zilitoka kiwandani na Windows 10, na ufunguo wake umeandikwa ndani ya ubao mama wenyewe. Ukipakua Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft na kuweka toleo lile lile, Home kwa Home, Pro kwa Pro, inajifungua yenyewe, yaani inaitambua leseni yake, bila kraki. Muuzaji anaweka kraki kwa mazoea tu, au kwa kuwa diski moja ya kraki inamtosha kwa mashini zote za duka. Na hata kama ufunguo haupo, Windows isiyofunguliwa haifi. Inaandika maneno yake kwenye kona ya skrini, inakukataza kubadilisha picha ya nyuma, lakini Defender inafanya kazi na masasisho yanakuja. Mimi naona afadhali maneno kwenye kona. Kraki inayoyaondoa unaijua ilikotoka?

La pili mtakalosema ni mega, data za intaneti. "Mwalimu, masasisho yanakula mega zote, ndiyo maana nimeyazima." Haya. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka, sasisho la kuziba tundu moja kubwa katika Windows. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu hilo hilo na kuzunguka dunia kwa siku moja. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Hakuna aliyebonyeza kitu, kilipita mtandaoni chenyewe, kutoka mashini hadi mashini, na waliokuwa wameweka kiraka hakikuwaingilia. Mega ulizookoa kwa kuzima masasisho zinahesabika. Na kuna njia ya kubana matumizi: Microsoft wanaweka bure faili moja iitwayo mpam-fe.exe yenye orodha mpya ya virusi. Ina mega zaidi ya mia. Ipakue penye wifi, chuoni au ofisini, ibebe kwa fulashi safi, ibonyeze kwenye mashini zote za nyumbani. Familia nzima kwa mega za mtu mmoja. Viraka vya Windows ni habari nyingine, hivyo tafuteni wifi angalau mara moja kwa mwezi.

Windows 10, tukiwa hapo hapo: Microsoft waliacha kuitengenezea viraka tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu wa nyumbani anayejiandikisha kuna nyongeza hadi Oktoba 2026. Jiandikisheni. Orodha ya virusi ya Defender itaendelea kuja hadi 2028, lakini orodha haizibi matundu, nimewaeleza WannaCry sasa hivi. Mwenye Windows 7, tuonane baadaye, tena usije na fulashi.

Kama bado unataka kulipia, lipia. Bitdefender ya Romania na ESET ya Slovakia ni kazi nzuri ya watu wanaoijua kazi yao. Moja tu, si mbili, mbili zinagombana na mashini yenye RAM ya giga 4 inakwama. Na zile za bure zenye matangazo? Avast, mnaijua wote, ilikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyouza habari za tovuti ambazo watumiaji wake walitembelea. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020 baada ya waandishi wa habari kuifichua, na mwaka 2024 serikali ya Marekani ikawatoza Avast dola milioni 16.5. Watu walikuwa wameiweka iwalinde.

Nimeonyeshwa saa. Simu, haraka haraka, ingawa najua wengi mmekuja kwa ajili ya simu.

Mwaka 2014 kulikuwa na antivirusi ya Android iitwayo Virus Shield, dola 3.99, ikapanda hadi juu kabisa kwenye duka la Google, watu zaidi ya elfu kumi wakainunua. Ilipofunguliwa ndani ikaonekana inafanya kazi moja: ukibonyeza, alama ya X inageuka kuwa alama ya vema. Hakuna kingine! Mkidhani ni mambo ya zamani, mwaka 2019 AV-Comparatives walichukua antivirusi 250 za Android, wakazipa programu mbaya 2 000 kila moja. Ni 80 tu zilizokamata zaidi ya asilimia 30 bila kushtaki programu safi. Nyingine zilikuwa na orodha ya majina ya programu wanazoziamini, kila kisichokuwa kwenye orodha ni kirusi, na waliozitengeneza walisahau kuandika jina lao wenyewe. Antivirusi ikajikamata.

Kwa hiyo ile inayokuambia "simu yako ina virusi 13, bonyeza hapa" katikati ya video, acheni. iPhone hata msiitafutie, Apple hawaruhusu programu moja kuchungulia nyingine, hivyo kinachouzwa humo kwa jina la antivirusi hakikagui programu zako.

Na ile WhatsApp ya rangi, isiyo rasmi, mnayopeana kwa Xender, programu ya kutumiana faili. Agosti 2021, ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya hizo, watafiti wa Kaspersky walikuta kirusi cha Triada. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Upstream waliripoti Triada ikiwa imo tayari ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Afrika, ikimsajili mwenye simu kwenye huduma za kulipia na kula unite zake, salio la simu, bila yeye kugusa kitu. Kama unite zinayeyuka, anzia hapo. Play Protect iwe imewashwa, programu zitoke Play Store.

Anayekupigia akijifanya wakala wa M-Pesa na kukuomba namba yako ya siri hana haja ya kirusi, hilo lilikuwa na sehemu yake nzima na sitaifikia. Wala Linux, ule mfumo wa bure wa badala ya Windows, sitaifikia, samahani kwa yule aliyeniandikia.

Mama anauliza swali la mwisho: atajuaje kama muuzaji alimzimia? Mama, bonyeza Start, andika Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Manage settings, shuka hadi karibu na mwisho, Exclusions, ufungue orodha yake. Inatakiwa iwe tupu. Ukikuta C:\ pale, iondoe, kisha agiza ukaguzi wa diski yote, uiache usiku kucha kama umeme upo. Kama Windows yako ni ya Kifaransa maneno yatakuwa mengine ila mahali ni pale pale. Walioleta mashini zao, meza iko nyuma kushoto, mtusaidie kwa kuzipanga foleni. Fulashi zote kwenye sahani ya bluu, msizichomeke wenyewe.