Mkojo Unaovuja na Swali la Muuguzi

Wauguzi wenzangu, habari za asubuhi. Nianze na swali tunaloliuliza vibaya kila siku. Mama ameketi mbele yako, nawe unamsomea fomu: "Je, una tatizo la kushindwa kuzuia mkojo?" Anajibu hapana. Unatia alama, mnaendelea. Kumbe mkobani ana kitambaa cha kubadilisha, na kabla hajaketi aliulizia choo. Hebu muulize hivi: "Ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua mzigo, nguo ya ndani hulowa?" Atakwambia, "Aa, hilo! Hilo ninalo tangu nilipomzaa wa tatu." Hakukudanganya. Kwake si tatizo, ni uzazi tu.

Sasa tuje kwenye kabila na asili. Kuna utafiti uliofanyika Michigan, Marekani, kwa wanawake wa miaka 35 hadi 64. Walioeleza kwamba wanavuja mkojo walikuwa asilimia 33.1 ya Weupe na asilimia 14.6 ya Weusi. Miongoni mwa hao wanaovuja, dalili za kuvuja kwa kukohoa au kujikaza peke yake zilikuwa kwa asilimia 39.2 ya Weupe na 25 ya Weusi; za kubanwa ghafla na mkojo peke yake, 11 kwa 23.8.

Mtu akizisikia namba hizi huondoka na kanuni: mweusi hubanwa, mweupe huvuja akikohoa. Zitazameni tena. Kwa wanawake Weusi wenyewe, 25 na 23.8 ni karibu sawasawa, na zaidi kidogo ya nusu yao hawamo katika kapu lolote kati ya hayo mawili! Ukimbahatisha mgonjwa kwa rangi yake, ni sawa na kurusha shilingi.

Kwa hiyo mimi, asili ya mgonjwa siiandiki kwenye sababu. Utambuzi wa kiuguzi una sehemu tatu: tatizo, kinachohusiana nalo, na dalili. Mfano: kushindwa kuzuia mkojo kwa shinikizo la tumbo, kunakohusiana na udhaifu wa misuli ya sakafu ya nyonga, kunakodhihirishwa na kulowa akikohoa. Kabila halina nafasi hapo. Bibi mwenye magoti mabovu anayelowa njiani kuelekea chooni, kibofu chake huenda ni kizima. Tatizo ni mwendo. Na anayevuja mfululizo, usiku na mchana, baada ya uzazi uliokwama, huyo usimpe mazoezi ya misuli ya nyonga. Shuku fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, mpeleke kwa daktari.

Jamii anayotoka inaingia kwenye namna ya kuuliza. Mwanamke Mwislamu anaweza kunyamaza ukimtajia kibofu, lakini ukimuuliza kama udhu wake hudumu hadi amalize swala, akafunguka. Mwingine hatasema neno mbele ya mkalimani mwanamume. Na jamani, mwanawe asiwe mkalimani.

Kisha mpe daftari la mkojo la siku tatu: alichokunywa, saa aliyokojoa, alipolowa na alichokuwa akifanya. Nimeona kuna mkono umeinuliwa kule nyuma, nadhani najua swali: asiyejua kusoma je? Asiyesoma mchoree kikombe, choo na tone, atie alama chini ya kila kimoja. Pembeni chora jua na mwezi, maana kulowa kwa usiku ndiko wanakosahau kukutajia.