Goti la Alexia Putellas: Kurudi Uwanjani Si Kurudi Kwenye Kiwango

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo ni Alexia Putellas, kiungo wa Barcelona na Hispania. Kaka Juma, tuanzie tarehe 5 Julai 2022.

JUMA: Mazoezini, Uingereza, siku tatu tu kabla ya Hispania kucheza mechi yake ya kwanza ya Euro, michuano ya mataifa ya Ulaya. Goti la kushoto, ligamenti ya mbele, ule utepe unaoshikilia mifupa ya goti, imekatika. Na huyo ndiye aliyekuwa ameshika Ballon d'Or ya 2021, tuzo ya mchezaji bora wa dunia!

ZUHURA: Iliniuma sana. Na wasikilizaji waelewe, ligamenti ile kwa kawaida haishonwi ikaunga. Daktari huchukua kano sehemu nyingine ya mguu, akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa mfupani. Ukitoka hapo, msuli wa paja umenywea, hata kunyoosha goti ni kazi ya kujifunza upya.

JUMA: Oktoba wakampa Ballon d'Or ya pili Paris, mwanamke wa kwanza kuipata mara mbili, naye bado yuko kwenye matibabu. Akaja kurejea dimbani Aprili 2023, akitokea benchi.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapobishana na watu, Juma. Wengi walisema, "Amerudi!" Amerudi wapi? Angalia Kombe la Dunia mwaka ule. Nusu fainali na Sweden alianza, akatolewa mapema kipindi cha pili, akaingia Salma Paralluelo, na Salma akafunga. Fainali ya Sydney, Alexia ameingia dakika ya 90. Ni bingwa wa dunia, sawa, lakini mechi kubwa kuliko zote ameitazama akiwa benchi.

JUMA: Mchezaji bora wa dunia, dada. Ukae hapo umevaa fulana ya wachezaji wa akiba, huku ukijua ulivyokuwa mwaka mmoja nyuma... Mimi naona huo ni mtihani mgumu kuliko hata upasuaji.

ZUHURA: Na Desemba 2023 goti lile lile likarudishwa kwa daktari.

JUMA: Watu wakaanza kumzika kisoka.

ZUHURA: Wakamzika! Mei 2024, fainali ya Ligi ya Mabingwa, Bilbao, Barcelona na Lyon. Anaingia dakika za majeruhi, Barcelona wanaongoza moja bila. Anapiga la pili. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

JUMA: Halafu Euro ya 2025, Uswisi. Sasa anaanza mechi. Alifunga moja dhidi ya Ureno na mawili dhidi ya Ubelgiji. Uingereza wakawatoa jasho fainali na kushinda kwa penalti, lakini Alexia yule alikuwa anacheza kwa uhuru, anageuka na mpira bila kulifikiria goti.

ZUHURA: Miaka mitatu tangu aumie. Kwangu mimi, kurudi kwake ni kule Uswisi. Haya, tusikie simu ya kwanza.