Maziwa Haya ni ya Nani?

Ndugu zangu wapishi, walimu wenu, na nyote mliokuja kusikiliza, asanteni kwa kunikaribisha tuzungumze kama maziwa ya mama yanafaa kupikwa mgahawani.

Kabla sijafika mbali, naomba kila mmoja ameze mate. Hakuna aliyepata tabu. Sasa fikiria umepewa glasi safi, uyateme mate hayo humo, kisha uyanywe. Naona nyuso zimeshakunjamana! Mate ni yaleyale na mdomo ni uleule. Mfano huu aliutoa mwanasaikolojia Gordon Allport mwaka 1955, nami huutumia kila ninapozungumzia kinyaa. Kikiwa ndani ya mwili ni changu, kikishatoka nje nakikimbia, hata kama hakijaguswa na vumbi.

Basi chukueni kinyaa hicho mkiweke mezani, mgahawani.

Mwaka 2008, huko Winterthur nchini Uswisi, mwenye mgahawa mmoja alitangaza kwamba atapika supu na sosi kwa maziwa ya mama, na akatafuta akina mama wa kumuuzia. Wakaguzi wa chakula wakafungua sheria. Mnyama binadamu hakuwemo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutoa maziwa ya kuuza, na hakuwemo pia kwenye orodha ya waliokatazwa. Mpango ukafa. Mwaka 2010, mpishi Daniel Angerer wa New York alitengeneza jibini kwa maziwa ya mkewe, na idara ya afya ya jiji ikamshauri asiwape wateja. Mwaka uliofuata duka moja la London likauza aiskrimu ya maziwa ya mama kwa pauni 14. Halmashauri ya Westminster ikaichukua kwenda kuipima, na baadaye ikaonekana haina tatizo.

Kila mara kelele zilikuwa zilezile: uchafu, kichefuchefu, laana. Mimi pia sitaki maziwa haya yapikwe mgahawani. Lakini neno “uchafu” linaniuma, na nitawaambia kwa nini.

Nikiwa na mtoto wa miezi miwili, niliingia mgahawani nimechoka, mtoto analia. Nikajitanda kanga, nikaanza kumnyonyesha. Mhudumu akaja akainama, akaniambia kwa sauti ya chini niende chooni, wateja wanakula. Nilikwenda. Niliketi juu ya kifuniko cha choo, nikanyonyesha huku mtu akigonga mlango. Sijamwambia mtu kisa hiki kwa miaka mingi kwa sababu niliona aibu, kana kwamba kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo ninaposikia watu wanayaita maziwa ya mama uchafu, najua neno hilo haliishii kwa mpishi. Linamfikia mama aliyeketi pembeni na mtoto wake.

Sasa tutenganishe kinyaa na hatari, maana hatari ipo. Maziwa ya mama yanaweza kubeba VVU na virusi vingine, na yakikamuliwa au kuhifadhiwa vibaya hujaa bakteria. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walinunua sampuli 101 za maziwa ya mama kupitia intaneti, na asilimia 74 zilikuwa na bakteria kupita kiasi au wa aina isiyotakiwa. Miaka miwili baadaye wakakuta sampuli moja katika kila kumi imechanganywa na maziwa ya ng'ombe. Ndiyo maana benki za maziwa, zinazokusanya maziwa ya akina mama kwa ajili ya watoto wachanga, humpima damu mama anayetoa, kisha huyapasha maziwa kwa nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30. Mpishi makini angeweza kufanya hivyohivyo. Kwa hiyo anayesema tatizo ni afya tu, siku maziwa yakipimwa yakawa salama, kama yale ya London, hana la kuongeza.

Najua mnataka kuniuliza ladha. Ni matamu na mepesi. Sukari yake, laktosi, ni karibu gramu 7 katika mililita 100, wakati ya ng'ombe haifiki 5. Protini ni kama gramu 1 tu, dhidi ya 3 na kitu za ng'ombe, na kaseini, ile inayoshikamana na kuwa jibini, ni kidogo mno. Ukiweka kigandishi unapata vinyuzi laini visivyoshikana, mpaka uongeze maziwa ya ng'ombe. Yakikaa kwenye friji, kimeng'enya kilichomo huvunja mafuta, na ya baadhi ya akina mama huanza kunuka kama sabuni. Kwa mpishi hayana faida yoyote ambayo ng'ombe au mbuzi hawezi kumpa vizuri zaidi. Kinachouzwa pale ni mshtuko.

Na mshtuko huo unalipiwa na nani? Nimefanya kazi wodi ya watoto njiti. Usiku mmoja mama aliyejifungua kabla ya wakati alikuwa akikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza, kwa mkono, tone baada ya tone, ndani ya kijiko. Alikaa karibu nusu saa. Nikayavuta kwa bomba la sindano: mililita 3. Tone moja lilikuwa limemtiririkia kwenye kifundo cha mkono. Akalikusanya kwa kidole, akaomba nimfungulie dirisha la kitamiaji, lile sanduku la joto analolazwa njiti, akampaka mwanawe mdomoni. Yale mengine tukayapitisha kwenye mrija, polepole.

Mtoto wa kilo moja, akishazoea kula, anahitaji kama mililita 150 kwa siku. Kikombe kimoja cha sosi ni chakula chake cha siku moja na nusu. Na kwake si chakula tu: njiti wanaopewa maziwa ya mama, hata ya mama mwingine, hupatwa mara chache na ugonjwa wa utumbo kuvimba na sehemu zake kufa, wakilinganishwa na wanaopewa ya kopo. Benki ya kwanza ya maziwa ilianzishwa Vienna mwaka 1909, na hadi leo kuna wodi nyingi duniani ambazo hazina hata tone la akiba.

Pia kuna mama anayeuza. Mwaka 2017 Kambodia ilipiga marufuku kuuza nje maziwa ya mama, baada ya kubainika kwamba yananunuliwa kwa wanawake maskini na kupelekwa Marekani. Mgahawa ukihitaji lita kila wiki, atakayejitokeza ni yuleyule mwenye shida, na mtoto wake naye ana njaa.

Mmoja wenu ameniandikia kuhusu undugu wa kunyonya katika Uislamu, yaani mtoto aliyenyonyeshwa na mama asiye wake kuhesabiwa kuwa mtoto wake. Wanazuoni wengi wanasema undugu huo hujengwa na kunyonya ndani ya miaka miwili ya mwanzo, kwa hiyo mtu mzima aliyekula sosi hawi mtoto wa mtu. Lakini ona uzito uliomo: maziwa yana mwenyewe, na ni lazima ajulikane. Kwenye sahani ya mgahawa mama huyo hana jina.

Mpishi akionja maziwa ya mkewe nyumbani, kwa ridhaa ya mke na mtoto akiwa ameshiba, sina neno naye. Akitaka kuyaweka kwenye menyu, nitampinga, na sitatumia neno uchafu. Na kama kuna mama humu ambaye friji yake imejaa mifuko ya maziwa, asiimwage kabla hajauliza wodi ya watoto wachanga iliyo karibu naye kama wanapokea. Watampima damu kwanza, asikasirike.

Haya, naona mikono imeshanyooka. Tuanze na dada wa pale nyuma.