Mguu, Udongo na Damu: Mhadhara kwa Walimu na Wahudumu wa Afya, Mbale

Walimu wangu, wahudumu wa afya wa vijiji, wazee mlioshuka kutoka Kapchorwa na Bududa, hamjambo. Nimeombwa nieleze kazi yangu ya kuandika habari za sayansi, hasa pale afya, mazingira na vinasaba vinapokutana. Ningeweza kuanza na DNA nikawachosha kabla ya chai. Naomba tuanze na mguu.

Ukitaja matende, mtu wa Lango, kule kaskazini mwa Uganda, atakwambia mbu. Ni kweli. Huko mbu hueneza minyoo midogo inayoharibu mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na mguu hujaa maji. Lakini huku mlimani Elgon, ambako baridi haimpi mbu nafasi, miguu nayo ilikuwa ikivimba. Mwaka 2001 Ambrose Onapa na wenzake walichapisha utafiti wao kutoka Kapchorwa: matende yapo, minyoo haipo. Ugonjwa huo unaitwa podokoniosi. Huanzia kwenye unyayo na kupanda taratibu, na ni nadra kuvuka goti. Hushika miguu yote miwili, ingawa mara nyingi mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake. Kabla ya kuvimba, mtu huwashwa juu ya mguu na usiku huhisi nyayo zikiungua. Nawaona akina mama kule wanatikisa vichwa. Mnaijua hali hiyo.

Chanzo ni udongo wenyewe. Elgon ni volkano iliyozimika zamani, na miamba yake imekuwa ikimeng'enyuka chini ya mvua nyingi hadi ikawa huu udongo mwekundu tunaousifu kwa kahawa na ndizi. Ndani yake mna chembe ndogo mno za madini. Ukitembea peku miaka na miaka, chembe hizo hupenya ngozi. Daktari Mwingereza Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alizikuta kwenye tezi za limfu za wagonjwa katika miaka ya 1970. Mwili unapopambana nazo, mishipa ya limfu huvimba, hupata makovu, kisha huziba. Ni madini gani hasa yanayofanya uharibifu huo? Wataalamu bado wanabishana, na mimi sitajifanya hakimu wao.

Si Elgon peke yake. Mwaka 2015 wilaya ya Kamwenge, magharibi mwa Uganda, ilipata hofu kubwa kwa sababu ya miguu iliyovimba. Wachunguzi walikuta watu 52 walioshukiwa, na 40 kati yao wakatimiza vigezo vyote. Baadhi walianza kuugua tangu 1980, yaani kilichoitwa mlipuko kilikuwa kimekaa kimya kwa miaka 35. Walipowalinganisha wagonjwa na majirani wazima, tofauti zilijitokeza kwenye mambo ya kawaida kabisa: kulima bila viatu, na kurudi kutoka shambani bila kunawa miguu mapema.

Sasa swali ambalo kila familia ya mlimani huuliza. Ndugu wawili wamelelewa nyumba moja, wamelima shamba moja, wote peku. Mmoja amevimba, mwingine yuko mzima. Kwa nini?

Hapo ndipo vinasaba vinapoingia. Mwaka 2007 watafiti waliofuatilia koo za wagonjwa kusini mwa Ethiopia walionyesha kwamba ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ana hatari karibu mara 5 ya mtu mwingine, na wakakadiria mchango wa urithi kuwa asilimia 63. Mwaka 2012 Fasil Tekola Ayele na wenzake wakapima DNA za wagonjwa 194 na watu 203 wasio na ugonjwa wa eneo la Wolaita, hukohuko kusini mwa Ethiopia. Tofauti ikaonekana kwenye vinasaba vya HLA, vinavyouongoza mfumo wa kinga kutambua kipi ni cha mwili na kipi ni kigeni. Kwa lugha nyepesi, chembe za udongo ni zilezile, ila miili mingine huzipokea kwa ghadhabu zaidi.

Hiyo asilimia 63 ndiyo iliyonileta hapa. Ni namba inayomponza mwandishi kuliko namba yoyote ninayoijua katika fani hii. Ukiiweka kwenye kichwa cha habari, msomaji ataelewa kwamba katika kila watoto 100 wa mgonjwa, 63 watavimba. Au kwamba theluthi mbili ya ugonjwa haizuiliki. Vyote viwili ni uongo, japo namba ni ya kweli.

Chukua shamba moja la mahindi, rutuba ileile, mvua ileile, upande mbegu mchanganyiko. Mabua yatatofautiana urefu, na tofauti hiyo itatokana na mbegu karibu yote. Je, hilo linakwambia kwamba mbolea haifai kitu? Hata kidogo. Uliona mbegu tu kwa sababu kila bua lilikuwa kwenye udongo uleule. Asilimia 63 inaeleza tofauti baina ya watu ambao karibu wote walikanyaga udongo huo peku. Wavishe viatu, na hesabu yenyewe inabadilika.

Ushahidi upo. Ugonjwa huu uliwahi kuonekana Scotland, Ireland, Ufaransa, Morocco na Algeria. Umetoweka huko. Hakuna aliyebadilisha vinasaba vya Waskoti, walivaa viatu.

Nang'ang'ania hili kwa sababu hapa Uganda tumezoea habari moja ya vinasaba, ile ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa hubeba kinasaba chake, kwa hiyo wachumba kupima damu kabla ya ndoa ni jambo la busara. Lakini watu huchukua hekima hiyo na kuihamishia kwenye miguu, ambako haifai. Watafiti waliofanya kazi Wolaita walikuta familia zikiogopa kwamba uchunguzi wa vinasaba utawaongezea unyanyapaa, ukoo mzima ukose wachumba. Mzee mmoja amenivuta pembeni kabla hatujaanza, akaniuliza kama avunje posa ya binti yake kwa sababu mama mkwe ana mguu uliovimba. Nimemwambia: mzee, usivunje. Ongeza gambuti kwenye mahari.

Mnacheka, lakini gambuti ndilo suala gumu. Kwenye miteremko ya Bududa wakati wa mvua, gambuti huteleza, hujaa tope, na mchana hupika mguu. Viatu vizuri ni vya Jumapili. Sandali za tairi, zile lugabire, ni nafuu na zinadumu, ila vumbi na tope huingia pembeni kama kawaida. Kwa maoni yangu, programu inayompa mkulima miche ya kahawa bila kumfikiria miguu imefanya nusu ya kazi. Kiatu ni zana ya shambani kama jembe.

Kwa aliyekwisha vimba, matibabu hayana fahari. Beseni la maji safi yenye dawa kidogo ya kuua vijidudu, sabuni, kuosha kila mkunjo wa ngozi, kukausha katikati ya vidole kimoja kimoja, kupaka mafuta, kufunga bandeji, soksi, kiatu. Kesho tena. Jaribio lililofanyika Ethiopia kwa wagonjwa 696, likachapishwa 2018, lilionyesha kwamba walioshika utaratibu huo walipata wastani wa mashambulizi 19.4 ya homa na maumivu ya mguu kwa mwaka, na wengine 23.9. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi. Kwa mama anayelima, kila shambulizi ni siku kadhaa za kulala kitandani.

Ombi langu kwa wahudumu wa afya. Mgonjwa wa mguu akija na kipimo cha minyoo kikatoka hasi, msimrudishe nyumbani kwa neno "huna kitu." Muulizeni analima wapi, na anavaa nini akiwa shambani. Jibu liandikwe kwenye faili, maana wilaya haiwezi kuomba sabuni na viatu kwa ajili ya wagonjwa ambao haijawahesabu.